Tata, Nimeisema Siri ya Pangani

Kwako Tata, baba yangu, uliyelala pembeni ya zizi hapa Nyanungu,

Shikamoo. Nianze na lenye kuuma nisikuzungushe: nimesema. Lile uliloniambia Pangani, ukaniomba nisiwaambie ndugu zangu, nimelisema mbele ya wazee na mbele ya kaka Chacha, mchana kweupe. Nililitunza miaka tisa ukiwa hai na minne tangu tukuzike. Sasa limetoka, na tangu litoke nyumba yangu imekuwa kimya mno. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye niliyekuvunjia ahadi. Na nikisema ukweli wote, nakuandikia pia kwa sababu sina mtu mwingine wa kuongea naye.

Safari yenyewe bila shaka unaikumbuka. Nilikuwa muuguzi Muheza, mwaka wangu wa kumi na nane mbali na nyumbani, na ulikuja kunitembelea mara moja tu maishani mwako. Siku mbili kwenye basi kutoka Tarime. Ulishuka stendi na koti lako zito la sufu katika joto lile la Tanga, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili kikapu chenye kuku wawili wazima. Nilikuuliza kuku wamefikaje hai bila kondakta kuwatupa nje. Ukasema, "Niliwaambia wanyamaze." Hukucheka. Mimi nilicheka mpaka nikasahau kukupokea mzigo.

Wauguzi wenzangu walikuwa wamepanga matembezi ya siku moja: asubuhi tuingie msitu wa Amani, mchana tuteremke Pangani kuona majengo ya biashara ya utumwa, jioni turudi. Nikakuombea nafasi kwenye gari. Nilitaka uone kwamba huku nilikokimbilia kuna vitu vya kuonyesha mtu.

Niukumbuke msitu kwanza, maana msituni ulikuwa na furaha. Mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja wa Kisambaa, buti za mpira miguuni, anapanda mlima huku anaongea bila kuhema. Alituonyesha miti ambayo vilele vyake hatukuviona kwa ukungu. Sisi wote tulikuwa tunaangalia juu. Wewe peke yako ulikuwa unaangalia chini, unasukuma majani makavu kwa fimbo, unatafuta nyasi.

"Sasa hapa ng'ombe anakula nini?" ukamuuliza.

"Hapa hakuna ng'ombe, mzee."

"Na watu wanaishi?"

"Wanaishi, mzee. Hata mimi ni wa huku."

Ukamtazama kwa huruma kabisa, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Halafu tukafika kwenye mti mmoja mkubwa, mizizi yake imesimama juu ya ardhi, mtu mzima anaweza kujificha katikati yake. Ukauliza ni mti wa ukoo gani. Mama yule akajibu ni wa serikali. Ukasema, "Serikali haina mababu," ukauzunguka mti wote polepole, umevua kofia. Mvua ilikuwa imekwisha zamani lakini miti iliendelea kudondosha maji. Ulikinga kiganja, ukanywa, ukasema maji ya huku yana ladha ya majani ya chai. Penye utelezi ulinishika bega, mimi mama wa watoto watatu, ukaniambia niangalie mguu. Sikuwa nimeshikwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Saa zile mbili nazitaka zirudi kuliko kitu kingine chochote.

Pangani tulifika jua likiwa kali. Walitupeleka kwenye nyumba ya zamani karibu na mto, kuta nene zilizoliwa na chumvi, mlango mfupi mpaka uiname. Mzee mwembamba wa pale akatueleza jinsi watu walivyoletwa kutoka bara wamefungwa, wakawekwa humo kungoja kuvushwa kwenda Unguja. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Wewe ulibaki katikati ya chumba, koti limefungwa vifungo vyote.

"Na watoto?" ukauliza.

"Watoto walikuwamo, babu. Wengi tu."

"Walibadilishwa na nini?"

"Nguo, shanga, baruti. Vitu vya namna hiyo."

"Siyo ulezi?"

Wenzangu wakacheka. Mzee wa watu akatabasamu, akasema hapana, ulezi hajawahi kuusikia katika habari hizo. Na mimi nilicheka, Tata. Nilidhani unatania kama kwa kuku. Kicheko hicho nimekijutia kuliko makosa yangu mengine, na yako mengi, unayajua.

Ulitoka nje, ukaketi juu ya jiwe kwenye kivuli cha ukuta. Nilipokufuata ukaanza kusema kwa Kikurya, taratibu, bila kunitazama. Ukasema mama yako, yaani bibi yangu, hakuzaliwa kwetu. Alizaliwa upande wa Busawe, ng'ambo ya Mto Mara. Njaa iliingia kwao, na baba yake akamshika mkono, mtoto wa miaka sita hivi, wakavuka mto maji yakiwa machache, wakafika kwenye ukoo wetu ambako maghala yalikuwa bado na kitu. Baba yake akarudi na kikapu cha ulezi kwa ajili ya watoto waliobaki. Yeye akaachwa. Aliambiwa atafuatwa baada ya mavuno.

"Hakufungwa," ukasema, ukinyoosha kidole kwenye ule ukuta. "Usije ukafikiri alifungwa. Aliogeshwa, akapewa maziwa, akapewa mama. Alipendwa. Lakini kila mavuno nilikuwa namwona anakwenda kusimama upande wa mtoni. Amezaa, amezeeka, bado anakwenda."

Ndipo ukanieleza desturi ambayo nilikuwa sijaielewa vizuri. Kwamba mtu aliyenunuliwa kwa chakula anakuwa wa ukoo kabisa, na yeyote atakayemtajia asili yake anatozwa mbuzi na wazee. Midomo imefungwa hivyo. Ila waliojua walijua, na wewe kwenye vikao ulikaa karibu na mlango miaka yote. Mimi nilidhani unapenda upepo.

"Waliojua wamekufa, nimebaki mimi," ukasema. "Chacha anaweza kukaa mbele. Usimharibie."

Nikasema sawa, Tata. Ukanishika mkono, ukauachia, ukaniuliza kama kuna mahali tunaweza kupata ugali. Tangu hapo hatukulitaja tena, hata ulipokuwa mgonjwa na mimi nikiwa nimestaafu na kurudi, nakuuguza mwenyewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Unamkumbuka Mama Bhoke, jirani yetu, mke wa Mwita. Mwita alifariki mwaka jana. Kile kipande cha kando ya kijito anacholima viazi vitamu, Chacha akasema ni chetu. Wewe na mimi tunajua si chetu. Ulinituma mwenyewe nikiwa msichana nikamwombe mama yake Mwita ruhusa ya kuchota udongo pale. Nilimwambia kaka hivyo, akasema mambo ya ardhi niwaachie wanaume. Likaenda kwa wazee. Chacha alikuwa amekaa mbele, Tata, kama ulivyotaka. Anaongea vizuri, ana sauti yako. Mpaka alipoona anashindwa.

"Huyu mume wake tunaujua ukoo wake?" akasema. "Bibi yao aliletwa hapa, akanunuliwa kwa kikapu cha ulezi. Mtu wa kununuliwa anapata wapi shamba la mababu?"

Mama Bhoke akajifunika uso kwa kanga. Alikuwa na wajukuu wake wawili hapo, wamemlalia magotini. Wazee waliangalia chini. Nilingoja mmoja wao aseme neno, na nilihesabu pumzi zangu kama ninavyohesabu za mgonjwa, na hakuna aliyesema. Nikasimama upande wa wanawake.

"Kaka, na bibi yetu?"

"Bibi yetu amefanya nini?"

"Alitoka Busawe. Alinunuliwa kwa ulezi vilevile, akiwa mtoto. Tata aliniambia kwa mdomo wake."

Chacha alinitazama kama hanijui. Mzee mkubwa wa kikao, yule wa rika lililofuata lako, akasema Chacha atatoa mbuzi kwa kumsema mwenzake, na kipande kibaki kwa Mama Bhoke. Halafu akanigeukia mimi. "Aliyejisema mwenyewe, huyo hatuna desturi yake," akasema. "Kaa chini, binti." Nikakaa.

Ungedhani mtu akisema kweli atapata hata wa kumsindikiza nyumbani. Nilirudi peke yangu. Maziwa yaliyokuwa yakitoka kwa Chacha kila asubuhi yalikoma kesho yake. Shemeji akiniona njiani anapinda kwenye mahindi ya watu. Kanisani benchi langu lina nafasi ya kulala. Hata Mama Bhoke haji. Ananipungia mkono kutoka mbali na kuendelea na viazi vyake, na simlaumu, kwa maana kumtetea kwangu kuliwakumbusha wote lile alilotaka lisahauliwe. Baba yao wanangu tuliachana zamani, watoto wako Mwanza na kazi zao, wanapiga simu Jumapili, nawaambia sijambo. Kisha nazima redio nisikilize kama kuna mtu anabisha hodi, na hakuna.

Kumtetea yule mama sijutii. Ningemwacha afunikwe aibu ile ningeshindwa kula. Ninachojutia ni wewe. Ulikuwa umekaa mlangoni kwa utulivu wako, ukazikwa kwa heshima, na mimi nimekuburuta mpaka katikati ya uwanja.

Na hasira ninayo pia, niseme yote. Nimewaza sana kwa nini ulinichagua mimi. Zamani nilijisifu moyoni kwamba ulinipenda kuliko wengine. Siku hizi nadhani ulinichagua kwa sababu niliishi mbali, siku mbili kwa basi. Uliona siri itakaa mbali. Hukufikiria kwamba iko siku nitastaafu, nitarudi nayo nyumbani, na nitaishi nayo jirani na watu wale wale ninaotakiwa kuwaficha. Uliniachia upweke wako, Tata, ule wa mlangoni. Sasa najua ulivyokuwa unajisikia wenzako wakicheka mbele na wewe unachekea nyuma yao. Laiti ungeniambia hilo nalo.

Jana alasiri Chacha alikuja. Ni wiki ya saba. Alisimama uani na fimbo yake, nikamtolea kiti, hakukikalia. Nikamwamkia, akaitikia. Nilidhani amekuja kunitukana na nilikuwa tayari, hata hilo lingekuwa maongezi.

"Huko Busawe alikuwa wa ukoo gani?" akauliza.

"Sijui, kaka."

"Baba yake aliitwa nani?"

"Tata hakuniambia."

Akachora chini kwa fimbo, akafuta kwa mguu. Niliona amekonda. Nikajua na yeye halali, na ya kwamba vikao viwili vimepita hajakwenda.

"Na hili jina la Ghati," akasema, "alikuja nalo, au alipewa hapa siku aliyoletwa?"

Nilikuwa nammiminia chai, nikaweka birika chini. Ghati ni mimi. Ulinipa jina la mama yako siku niliyozaliwa ili asipotee kwetu, na miaka sitini nimeliitikia, nimelitia sahihi kwenye vyeti vya wagonjwa mpaka vidole vikachoka, nimejivuna nalo. Haikuwahi kunipita kichwani kwamba mtoto wa miaka sita anavuka mto akiwa na jina lake, aliloitwa na mama yake asubuhi ile. Kama waliomnunua ndio waliompa hili, basi lile la kwao hakuna anayelijua duniani, na mimi nimekuwa nikiitika jina la kununuliwa. Na kama alikuja nalo, nalo sijui.

Chacha aliningoja. Alipoona nalia hakusogea karibu, lakini hakuondoka pia. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Sasa sisi tumekuwa tunakuita nani?" Akaenda zake. Chai niliyokuwa nimemmiminia ilikaa pale mpaka ikaweka utando.

Wewe ulikuwa mwana wa bibi. Ulimwona akisimama upande wa mtoni kila mavuno. Naomba kuamini kwamba siku moja ulimfuata, ukasimama naye, ukamuuliza.

Pumzika, Tata. Nisamehe kwa kusema, nami nitajaribu kukusamehe kwa kunyamaza. Jina sitaliandika leo.

Ni mimi, binti yako.