Vidole Vitatu vya Dada Mwajuma

Jumanne. Joto limelalia mabati tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo hata kuoga hakukuitoa.

Leo ninamchukia baba mdogo. Basi, nimeandika.

Ana chambre froide hapa Ngagara, mjini Buja, chumba cha kugandishia samaki. Asubuhi dada yangu Mwajuma hupanga samaki humo, mchana husuka watu nywele. Glavu zipo, ila baba mdogo amezifungia kabatini, eti zinafanya samaki wateleze. Dada alipoziomba, alimcheka: "We mutoto wa Buja, baridi umeijulia wapi?"

Leo dada ametoka humo na mikono iliyolowa, vidole vitatu vyeupe kama mshumaa, vigumu. Akasema hasikii kitu, afadhali haviumi.

Nilijua. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwa Kifaransa: gelure, mwili kuganda kwa baridi. Weupe, ugumu, ganzi. Kutouma ndiyo hatari yenyewe.

Nilijua, nikanyamaza.

Baba mdogo akaushika mkono wa dada juu ya mbabula, jiko lenye makaa mekundu, akawa anausugua kwa mawese. Kwetu ndiyo dawa ya kila kitu, mgongo, goti, mafua. Mimi nimesimama tu na sahani yangu. Mpaka nikasikia harufu.

Ngozi ya dada ilikuwa inaungua, naye hana habari.

"Apana, baba. Toa mukono wake ku moto."

Wakaniangalia kama kiti kimeongea.

Nikamvua pete kabla kidole hakijavimba. Nikaleta beseni la maji vuguvugu, nikayapima kwa kiwiko changu, maana vidole vyake visingeweza kupima. Bila kusugua. Baada ya nusu saa vilikuwa vyekundu, dada analia kwa maumivu, na mimi nikashukuru kwamba vinauma. Nikatia kitambaa kikavu kati ya kidole na kidole, tukaenda hospitali.

Daktari amesema viwili vitapona. Cha shahada, kilichokuwa karibu na makaa, tungoje. Malengelenge tusiyatoboe, na baridi asiiguse tena.

Msusi bila kidole cha shahada anasuka nini?

Jioni baba mdogo ametuma ujumbe kwenye simu ya dada: kesho aje, apange samaki kwa mkono wa kushoto. Dada akasema labda aende.

Nimemjibu mimi. Haji. Chini nikaandika jina langu, asidhani ni dada aliyejibu.

Lakini muda ule niliosimama na sahani, nitamwambiaje dada kwamba nilijua?