Pipa Langu Limefika Mahakamani

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, namshukuru Mungu, na shemeji yako bado anakoroma. Kile kiwanda kimekubali mahakamani kulipia usafishaji wa sumu iliyomwagwa kwenye jalala nyuma ya nyumba yetu. Ushahidi uliokibana ni pipa langu la maji, lile la bluu ambalo shemeji yako aliliokota jalalani!

Kiwanda kilikana kwamba sumu ni yake. Basi wapimaji wa sumu hiyo wakapita kwangu kuomba maji ya kunywa. Mmoja alikuwa ameshamaliza vikombe viwili mwenzake alipoiona nembo ya kiwanda kwenye pipa. Walilibeba watu wanne, wamevaa glavu na barakoa. Nikawaambia, "Jamani wanangu, mimi nimelisugua kwa mikono hii miaka kumi na tisa!" Shemeji yako sasa anatembea kifua mbele kama wakili.

Daktari anatupima wote tuliokunywa maji ya pipa hilo. Ini langu lina kasoro kidogo, nameza dawa. Wewe nimekulea kwa maji hayo hayo, mdogo wangu. Nakuomba kwa jina la Mungu, njoo upimwe wiki hii. Nauli ni ya kiwanda, kwa hiyo panda basi lenye viti vizuri.

Nitakungoja stendi,
Dada yako