Mwalimu Aliyesimama Nyuma ya Watoto

Iyula, Mbozi
Tarehe 9 Agosti, 1953

Kwa dada yangu mpenzi Ketrina,

Salamu nyingi zikufikie huko bondeni, wewe na shemeji Efraimu na watoto wote, pamoja na mama mkwe wako ambaye nasikia mguu bado unamsumbua. Mmeamkaje? Joto la Kamsamba limepungua, au bado mnalala uani mkipigana na mbu? Sisi huku juu tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetushinda. Asubuhi nikipanda baiskeli vidole vinakufa ganzi, hata kengele nashindwa kuipiga. Nesta mke wangu anakusalimu sana. Anasema ule mchele uliotuletea uliisha siku ileile majirani waliposikia harufu yake.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Yonasi, yule anayeteremka kwenu kununua mchele. Nimeisoma mara nne. Umenieleza kwamba wamekuja watu kumposa binti yenu Tumpe, na shemeji Efraimu anaona heri akubali, kwa kuwa mtoto aliondolewa shuleni kwa ujeuri na sasa anakaa tu nyumbani. Umesema mnangoja neno langu, maana mjomba asipokubali jambo hilo haliendi. Tena ukaniuliza, kwa kuwa mimi ni mwalimu, kama mtoto jeuri huweza kubadilika, au aolewe tu wakamnyoshe hukohuko. Dada, jibu ninalo. Ila limenijia kwa njia ya kuzunguka, nami nataka ulione kama nilivyoliona. Unanijua, tangu utoto sijui kusimulia jambo kwa mkato.

Unakumbuka kwamba mwezi wa tano Bwana Mkaguzi alinitoa katika shule yetu ya huko chini akanipa kazi mpya. Kazi yenyewe ni hii: napita katika shule za vijijini, naketi nyuma ya darasa na daftari, naandika jinsi chumba kilivyo na jinsi mwalimu anavyowatuliza watoto. Kila ukurasa umepigwa mistari. Kuna mahali pa usafi, mahali pa mwanga, mahali pa kelele, mahali pa fimbo. Halafu kuna mahali anapopapenda Bwana Mkaguzi kuliko pote, pa kuandika ni watoto wangapi wanamtazama mwalimu usoni. Chuoni ndivyo tulivyofundishwa, kwamba mtoto anayekutazama anakusikia, na asiyekutazama mawazo yake yako machungani. Basi mimi nahesabu macho. Kazi hii naipenda, sikufichi, maana nimezaliwa mpenda kuchungulia mambo ya watu, na sasa nalipwa kwa kuchungulia.

Katika shule moja niliyopita mwanzoni nilikuta darasa kimya kabisa, macho yote mbele, hata kikohozi hakuna. Nikaandika vizuri sana. Wakati wa mapumziko nilimuuliza mtoto mmoja wamejifunza nini asubuhi ile, akafikiri sana, kisha akanijibu kwamba wamejifunza kukaa. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Ningekuwa na akili ningeacha kucheka mapema.

Wiki mbili zilizopita nikafika hapa Iyula kwenye darasa la tatu la Mama Ruti. Huyu ni mjane wa makamo, hana cheti hata cha darasa la nne, na misheni ilimpa darasa kwa sababu mwalimu mwingine hakupatikana. Nilikuja nikiwa nimeshamhukumu moyoni. Chumba chake ni cha udongo, paa la nyasi, mabenchi ya magogo, dirisha moja la upande wa mashariki. Watoto walikuwa thelathini na wanane, vidole vyote vinanata kwa utamu wa kahawa, kwa kuwa wanaamka kuchuma kabla ya kuja shule. Nilisalimu, Mama Ruti akanionyesha kigoda nyuma kabisa, karibu na ukuta, naye akaketi kigoda cha pili kando yangu. Nikangoja aende mbele. Hakwenda. Nikadhani ameniogopa, nikamwambia kwa upole kwamba anaweza kuanza. Akanijibu kwamba ameshaanza.

Dada, yule mama anafundisha akiwa nyuma ya watoto. Wao wametazama ubao, yeye yuko migongoni mwao, anatembea polepole baina ya mabenchi. Akitaka kuandika anakwenda mbele, anaandika, anarudi. Anauliza swali kutoka nyuma, na mikono inachomoka. Nilifungua daftari langu pale pa kuhesabu macho, nikabaki kushika kalamu. Hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa akimtazama mwalimu. Kwa sheria ya daftari langu lile lilikuwa darasa baya kuliko yote niliyoyaona, na kwa masikio yangu watoto wale walikuwa wakijibu hesabu ambazo darasa la nne la kwingine linazihangaikia.

Siku ile sikuandika kitu. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, kama mtu aliyepoteza kitu pale. Nikawa nachunguza kila jambo. Niliona anavyotumia jua. Asubuhi baridi inawatesa, na jua linaingia kwa dirisha lile moja tu, linaangukia benchi moja kwanza, kisha linasogea. Zamani walikuwa wakipigania benchi hilo mpaka kutoana damu, ndivyo alivyonisimulia. Sasa kuna zamu ya jua. Benchi lililotulia jana ndilo linalokaa juani leo, na benchi lililopiga kelele linangoja. Nilimwona kijana mmoja mtundu, Mbonile, akitaka kumvuta mwenzake sikio, na benchi zima likamgeukia kwa jinsi lilivyoogopa kukosa jua. Mama Ruti alisogea tu akasimama nyuma ya Mbonile, na mkono ule ukarudi chini wenyewe. Fimbo sikuiona. Nilipouliza iko wapi, aliniambia iko kwake, anaegemezea mlango wa banda la kuku.

Siku ya nne nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamkuta akitandaza kahawa kwenye mkeka, nikamwomba anieleze hii desturi ya kusimama nyuma alijifunza chuo gani. Alicheka sana. Akasema alijifunza jikoni. Alipoolewa hapa Iyula alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na unajua kwetu mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, wala hakai naye mahali pamoja. Baba mkwe wake alikuwa mzee wa kanisa aliyejua kusoma, na alitaka sana mkwewe asome Habari Njema mwenyewe. Basi mzee aliandika herufi kwenye kibao, akakiacha kizingitini, akaenda kukaa nje nyuma ya ukuta. Ruti akakichukua, akanakili, akakirudisha kizingitini. Mzee aliuliza akiwa nje, naye alijibu akiwa ndani kwenye moshi. Miezi minane hivyo, hawakuonana uso hata siku moja, na kufika mavuno alikuwa anasoma. Akaniambia kwamba pale nyuma ya ukuta hakuwahi kushikwa na kigugumizi, na alikosea bila aibu, maana hakuna aliyekuwa anamwangalia akikosea. Alipopewa darasa akaona watoto wanamwinamia, hasa wasichana, kwa kuwa wamefundwa makwao wasimkazie macho mkubwa. Akaona si haki kumlazimisha mtoto achague kati ya kumjibu mwalimu na kumtii mama yake. Akahamia nyuma.

Nilimwambia kwamba ni maneno mazuri lakini chuoni hatukufundishwa hivyo. Naye, bila kunibishia, akanialika nifundishe mimi kesho yake.

Nikasimama mbele kama nilivyozoea, kifua mbele, sauti juu. Nikamnyoshea kidole msichana mmoja, Anastazia, nikamtaka anitajie saba mara nane huku ananitazama. Akainamisha kichwa. Nikamwambia tena anitazame. Akazidi kuinama, mpaka kidevu kikagusa kifua. Damu ikaanza kunipanda, nikasikia sauti yangu inapaa, ile ile sauti niliyoitumia shuleni huko chini. Mama Ruti akaniomba, kwa adabu kabisa, kama nisingeona taabu kwenda nyuma kumwangalizia dirisha. Dirisha lilikuwa halina neno. Nikaenda. Kutoka kule nyuma nikamuuliza Anastazia lile lile swali. Akajibu hamsini na sita kabla sijamaliza kuuliza, kisha akaendelea mwenyewe mpaka saba mara kumi na mbili, na mgongo wake umenyooka.

Watoto wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikajifanya naitazama baiskeli.

Dada Ketrina, sasa keti chini kama umesimama. Tumpe hakuwa jeuri. Mimi ndiye niliyesema ni jeuri, na nilikuambia uongo.

Wiki ile Bwana Mkaguzi alipotangaza kuja kutazama darasa langu, niliwafanyisha watoto mazoezi ya kunitazama usoni siku tatu mfululizo. Wote walizoea, isipokuwa Tumpe. Nilimwamuru ainue macho, akapiga magoti. Wenzake wakacheka, nami nikadhani ananidhihaki. Nikamsimamisha mbele ya darasa toka asubuhi mpaka kengele ya mchana, akitokwa na machozi ameinama, wala hakuinua macho. Sasa najua kwa nini. Wewe ndiye uliyemwambia, siku alipoanza shule, kwamba nyumbani anaweza kutaniana na mjomba wake apendavyo, lakini shuleni mimi ni mwalimu, na aniinamie kuliko watoto wote, watu wasije wakasema anapendelewa. Ulinisimulia mwenyewe, tukacheka pamoja. Nililijua neno hilo siku ile niliposimama mbele yake, Dada. Nililijua, na bado nikamwadhibu, kwa sababu kesho yake Bwana Mkaguzi alikuwa anakuja na mimi niliitaka kazi hii.

Jioni ile nikaandika kwenye daftari la mahudhurio: ameondolewa, mkaidi. Nikaja kwenu nikawaambia amenitukana mbele ya darasa. Shemeji Efraimu akampiga, nami nilikuwa nimeketi pale pale nikinywa togwa yako. Tumpe hakusema neno la kujitetea, wala hakunitazama. Hata siku hiyo aliniheshimu. Kesho yake Bwana Mkaguzi akayaona macho yote yanamfuata, akafurahi, akanipa kazi. Baiskeli hii ninayojivunia nimeipata kwa mgongo wa mtoto wako.

Basi jibu langu ni hili. Sikubali Tumpe aolewe. Waambieni wale wageni kwa heshima kwamba mjomba amekataa, na kosa liwe langu. Jana nimeandika barua kwa Bwana Mkaguzi nikamweleza yote kama nilivyokuandikia wewe, na kumwomba jina la Tumpe lirudishwe. Imeshaondoka na gari la kahawa, siwezi kuivuta tena. Huenda akaninyang'anya daftari na baiskeli, nitarudi kulima. Nesta nimemwambia, amelia kidogo, kisha akaanza kusafisha chumba cha watoto. Mama Ruti amekubali kumpokea Tumpe darasani kwake mara moja, asisubiri mwaka mpya. Yonasi atateremka tena Jumamosi na kurudi Jumanne. Kama wewe na shemeji mtaona inafaa, apande naye. Kama mtaona sistahili kukaa na mtoto wenu nyumba moja, mna haki, na Mama Ruti amesema ana kitanda.

Shemeji Efraimu niombee kwake anisikilize siku nitakapokuja. Nitakuja kwa miguu, nitakaa uani kwenye mbu, na atakaloniambia nitalipokea.

Sasa, Dada, nisamehe, maneno yaliyobaki si yako. Hujui kusoma, na shemeji naye hajui. Barua uliyonitumia niliitambua mara tu nilipoifungua, maana mwandiko ule mimi ndiye niliyeufundisha. Wewe umetaja maneno kwa kinywa chako, na Tumpe mwenyewe ameandika, bila kufuta hata herufi moja, kwamba yeye ni mtoto jeuri na kwamba anaombewa ruhusa ya kuolewa. Ndiyo sababu niliisoma mara nne. Na hii pia najua ni yeye anayekusomea.

Tumpe, mwanangu, nimekukosea, nakuomba msamaha. Huenda umefika hapa ukiwa umeruka maneno fulani ili kunistahi mbele ya mama yako. Kama umeyaruka, rudi nyuma umsomee yote, uanzie pale nilipomwambia aketi.

Wasalimu wote, wakubwa kwa wadogo, na Mungu awalinde.

Ni mimi niliyewakosea,
Fanueli