Iquo, Uliyetufundisha Kushikiana Mikono ya Joho

Mwaka umetimia, Iquo, tangu ulale Jumapili ile ya mvua usiamke, na nyumba yetu ya Calabar bado inatega sikio kama utaita mtu alete chai.

Familia imesema niandike mimi, kaka yako Etim, kwa kuwa nina maneno mengi. Unajua shule nilisoma vipande vipande, muhula hapa, muhula kule, na mengine nikayaokota njiani, Douala, Malabo, Enugu. Kwa hiyo naandika ninavyosema. Ungekuwepo ungesahihisha.

Tunakumbuka kicheko chako, kama mtu anayefukuza kuku. Tunakumbuka ulivyokopesha watu miavuli na kurudi nyumbani umelowa. Tunakumbuka pia kwamba hukuweza kupika wali usiungue, na wewe ni mwanamke wa Kiefik, watu wanaosifiwa kwa upishi, aibu ya ukoo mzima! Mama alikuwa akisema, "Huyu mpelekeni akasome sheria, jikoni atatuua."

Ukasoma sheria. Kisha ukarudi ukatuanzishia chuo cha sheria.

Tukikiita chuo chako ulikuwa ukikasirika. "Chuo ni cha umma. Mimi nina funguo tu." Basi, chuo cha umma kilianzia kwenye ghala kuukuu la mawese karibu na mto. Serikali ilitoa ghala, viti na ahadi. Jua likiwaka, kuta zilitoa harufu ya mafuta, wanafunzi wakarudi makwao wananukia kama mchuzi. Mvua ikipiga mabati hakuna aliyesikika, nawe uliendelea kufundisha kwa chaki na mikono kama mwamuzi wa mpira.

Benchi la nyuma uliliacha wazi kwa yeyote. Muuza samaki alikaa pale, fundi cherehani alikaa, na mimi kila niliporudi safari nilikaa. Siku moja mwalimu mgeni akakuuliza, "Huyu naye ni mwanafunzi?" Ukajibu, "Huyu ni kaka yangu. Anasoma akipita."

Lakini siku tunayoisimulia zaidi hapa nyumbani ni ile ya mchuzi.

Kwa mawakili, kufaulu mtihani peke yake hakutoshi. Mwanafunzi lazima avae joho, akae mezani na wakubwa wa kazi hiyo, ale nao chakula cha jioni mara kadhaa, wamwone ni mtu wa namna gani. Asiyekula nao hawamwapishi. Mwaka wa kwanza fedha za mikate na nyama za kizungu hazikufika. Ukasema, "Watakula tunachokula, ugali wetu wa muhogo na mchuzi, kwa mkono." Dada yetu Afiong, mpishi wa kweli wa familia, akashika kichwa. "Fufu? Na majoho yale?"

Alisema kweli. Mikono ya joho ni mipana kama mifuko ya mchele, na ni mwiko kulivua mpaka mkuu wa meza asimame. Jioni ya kwanza mikono ikazama kwenye mchuzi, na majoho yenyewe ya kuazima. Ndipo Okokon akanyoosha kidole, akakuita Mma, yaani Bibi, kama walivyokuita wote. Alikuwa askari jela, ameacha kazi aje kusoma, mkewe ana mimba.

"Mma, kuvua tumekatazwa. Na kushikiwa je?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu jioni ile kila mmoja alikula kwa mkono wa kulia, na kwa ule wa kushoto akamshikia jirani yake wa kushoto joho lisiguse sahani. Meza nzima imeshikana, kama watoto wanaovuka barabara.

Wazee wa mawakili wakasikia. Wakatuma neno kwamba wanakuja kuona, na wasiporidhika, milo yote ya mwaka ule haihesabiwi. Maana yake hakuna wa kuapishwa, na ghala lifungwe. Okokon alikonda wiki ile ile.

Mkuu wao alikuwa Jaji Ogbeide, mstaafu kutoka mji wa Benin, uso kama mlango wa benki. Alichagua kiti cha mwisho, kulia kabisa, awaone wote. Mimi nilikuwa nabeba sufuria na Afiong. Akaletewa fufu na mchuzi wa ogbono, ule unaovutika kuliko bamia. Akasema, "Uma."

Ukatafutwa uma. Akauinua, mchuzi ukainuka nao. Akauinua zaidi, mchuzi ukafuata. Wanafunzi wameshikana majoho, hakuna anayethubutu kumeza kabla yake. Akauweka uma chini.

"Wale wanafanya nini?"

"Wanashikiana mikono ya joho, Mheshimiwa," ukajibu.

"Nani amewafundisha?"

"Mchuzi, Mheshimiwa."

Nilimwona Okokon amefumba macho. Jaji akatazama sahani yake, akatazama kulia kwake, ambako hakukuwa na mtu.

"Na mimi atanishikia nani?"

Ukainuka kitini, ukazunguka meza nzima, ukasimama pembeni yake ukamshika mkono wa joho. "Mheshimiwa asije akanifunga kwa kumgusa jaji."

Akanawa. Akala. Alipofika kwenye konokono wa mtoni waliomo mchuzini akauliza, "Umepika wewe?"

"Ningepika mimi, Mheshimiwa, chuo kingefungwa leo."

Hapo ule mlango wa benki ukafunguka. Alicheka mpaka wigi likakaa upande. "Milo yote ya mwaka huu imeliwa," akasema. "Huu wangu bado. Ongezeni."

Okokon akaapishwa pamoja na wenzake wote. Mtoto akazaliwa, wakampa jina lako.

Tulipokuzika, walikuja ghalani mawakili na mahakimu wa miaka yote, na majoho yao, wakala fufu ya Afiong wakiwa wameshikana. Mimi nilikaa mwisho, kulia, karibu na mlango kama kawaida yangu. Mkono haukuwa tayari kwenda mdomoni siku ile. Okokon, sasa jaji mwenye mvi, akaacha kiti chake cha mbele akaja kusimama pembeni yangu. Akanishika mkono wa shati.

"Okokon, hili shati ni la mikono mifupi."

"Nyamaza ule, mzee. Mma hakuwahi kuuliza urefu."

Nikala.

Wanaokukumbuka ni watoto wako Asuquo na Nkoyo, wajukuu zako, dada yako Afiong, Iquo mdogo wa Okokon ambaye mwezi huu ameanza chuoni, benchi zima la nyuma, na mimi kaka yako, ambaye mwaka huu sijasafiri. Kila tutakaponawa mikono, Iquo, utakuwa mezani nasi.