Kalamu Nyekundu ya Binti Yangu

Binti yangu amekuwa msahihishaji mkuu pale kiwanda cha uchapaji, mdogo wangu. Sasa ndiyo nikusalimu: hujambo? Sisi wazima kabisa.

Hakuna kitabu kinachoingia mashineni kabla hajakipitia. Akiona mtu kaandika "ata" badala ya "hata", chai humpalia. Juzi alimwambia mwenye duka, "Mzee, tangazo lako linasema 'tumeamia'. Ile h umeiacha duka la zamani?" Mzee alicheka, akampa chaki aandike upya. Mimi pembeni nimevimba kichwa utadhani niliyesoma ni mimi.

Najua kwa nini mwaka mzima hujaandika. Ulimwandikia binti yangu unavyoumwa, yeye akakurudishia barua yako imejaa wino mwekundu, bila hata pole. Nilipomuuliza, alilia. "Mama, nilisoma herufi, sikumsoma mama mdogo." Anaona haya kukuandikia, ila amesema sherehe ya cheo chake haianzi mpaka uingie wewe. Akisema kitu huyo hageuki, unamjua.

Barua hii sikumwonyesha. Makosa yote ni yangu, usiyaguse.

Ni mimi dada yako, ninayekungoja mlangoni Jumamosi, tarehe tisa, saa nane mchana.