Zero ya Samaki wa Amerika

Mama yangu wa ufukoni,

Sijui kama habari za shule zinafika huko uliko, na hata ulipokuwa hapa hukuzipenda sana. Lakini tangu tulipotoka kanisani nimekaa na rundo la karatasi za mtihani. Nimesahihisha zote isipokuwa moja, na hiyo moja imenikwamisha. Inahusu kile kitabu. Ndiyo, Mama, kile kile, cha yule mtoto wa Amerika uliyempa jina la Mushibaji. Bado kinafundishwa. Swali ni lile lile, jibu linalotakiwa ni lile lile, na mimi niliyepewa zero kwa swali hilo ndiye leo nimeshikishwa kalamu nyekundu. Kinyaa ninachosikia, ungekuwa hapa ungeniletea ndimu.

Unakumbuka kilivyoingia nyumbani kwetu. Shule ilikuwa imepata sanduku la vitabu vya msaada, vya Kifaransa, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, na nakala zilikuwa chache, tukawa tunakipeleka nyumbani kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilikukuta umeinama kwenye uchanja unageuza ndakala, vile visamaki vyako vidogo, vikauke. Ukasema nisikiguse kabla sijanawa. Halafu ukasema nikusimulie, maana huwezi kumlisha mtu wa kusoma bila kujua anasoma nini.

Nikakusimulia. Kuna mtoto analelewa na nyanya yake kando ya mto. Kila siku anaenda kuvua kwa ndoano, na nyanya yake anamngojea na sufuria. Mtoni kuna samaki mmoja mzee, mkubwa, ambaye watu wote wa pale wamemtafuta wakamkosa.

"Wanavua na ndoano moja?" ukauliza. "Kwa samaki mumoja?"

"Ndiyo, Mama."

"Njo kuvua ile, ao njo kungojea?"

Papa, mume wako, alikuwa ametoka kazini reli, bado na nguo zake za grisi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Nikaendelea. Katikati ya kitabu nyanya anakufa. Wanamzika, na kesho yake asubuhi mtoto anachukua ndoano yake anaenda mtoni. Hapo ukakunja uso. "Kilio haijaisha, yeye anaenda kucheza na samaki? Hana muntu wa kumukanya?" Nikasema subiri, utamu unakuja. Mtoto anamnasa yule mzee wa mto. Anapigana naye mpaka jua kichwani, anamtoa, anamshika kwa mikono miwili, anamtazama. Halafu anamrudisha.

Ukaacha kugeuza ndakala. "Anamurudisha wapi?"

"Majini."

"Muzima?"

"Muzima."

Ukatema mate pembeni, wewe ambaye ulitukataza kutema mate mbele ya chakula. "Basi ile mutoto alikuwa ameshakula. Muntu mwenye njaa harudishi samaki. Ule ni mushibaji tu, na waliomuandika ni washibaji." Ukarudi kwenye uchanja wako, na kuanzia siku ile, kila mtu aliyebakisha tonge la bukari kwenye sahani nyumbani kwetu aliitwa Mushibaji.

Mwalimu wetu wa Kifaransa hakuona hivyo. Yule wa tai, unamjua. Alisema hapo ndipo mtoto anapokuwa mtu mzima. Akatuandikia ubaoni, tukanakili: mtu mzima ni yule anayeweza kuachilia. Tulilikariri neno hilo kama sala. Mimi nililikariri nikiwa nimekaa dirishani, kwa sababu mwaka ulipoanza alinitoa katikati ya darasa akisema, "We mutoto wa ndakala, kaa kule, upepo utusaidie." Sikukuambia wakati ule. Nilikuwa najisugua na ndimu kila asubuhi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, wewe ukadhani ni ukurutu.

Mtihani ukaja. Kwa nini mtoto alimrudisha samaki? Nilijua kinachotakiwa, Mama. Neno la ubaoni lilikuwa kwenye ncha ya kalamu. Lakini nilimwona yule mtoto wa Amerika na tumbo lake lililojaa, nikakuona wewe unarudi ufukoni na beseni tupu siku ambayo mitumbwi haikupata kitu, na mkono ukaandika wenyewe: kwa sababu alikuwa amekwisha kula.

Alinipa zero. Akaisoma karatasi yangu mbele ya darasa, akiishika kwa vidole viwili. "Hili ni jibu la sokoni," akasema, na darasa zima likacheka, hata wale ambao mama zao waliuza pembeni yako.

Nilidhani ungekuwa upande wangu. Badala yake ulinigombeza wewe kwanza. "Nani alikutuma kuandika maneno yangu kwenye mutihani? Mi nasoma? Mi niko na diplome?" Kesho yake asubuhi ukachagua sangala, mkubwa, matamvua bado mekundu, ukamweka kwenye beseni, ukafunga kitenge chako cha kijani, ukanifuata shuleni. Njia nzima nilikuwa nafurahi. Niliamini unaenda kupigana.

Ukakunja magoti. Mbele ya wenzangu wote, pale kwenye veranda, mama yangu ambaye wavuvi walimwogopa akikasirika akakunja magoti kwa kijana ambaye yeye alimzidi umri. "Profesa, mutoto wangu ana kinywa kama yangu. Mumusamehe." Naye akampokea yule samaki kwa mikono miwili. Macho yake yote yalikuwa kwenye beseni. "Sangala wa nguvu huyu, Mama. Mungu akubariki." Zero hakuitaja.

Saa sita nilimwona anatoka na baiskeli. Samaki alikuwa ananing'inia kwenye usukani, mkia unampigapiga suruali. Nilisimama pale langoni nikingoja, mjinga mimi, nione kama atageuza kushoto kwenda ziwani. Alinyoosha moja kwa moja kwake. Mtu mzima ni yule anayeweza kuachilia! Na zero ikabaki zero hadi mwisho wa mwaka.

Sikujua kama nimchukie yeye zaidi au nichukie yale magoti yako. Ulikuwa umeningoja nje; tukirudi nyumbani nilitembea mbele yako, sikutaka tufuatane. Ukaniita kwa nyuma: "Ulimuona vile alimushika mukia? Ule, hata kidakala kimoja hawezi kurudisha!" Na ukacheka, kile kicheko chako cha kushika kiuno. Mimi nikaongeza mwendo. Nilisema moyoni kwamba nitasoma mpaka nifike pale anapoandikia zero, nimnyang'anye kalamu.

Basi nimefika. Nafundisha Kifaransa katika shule ile ile, na yeye sasa ni Prefe, mkuu wetu sote. Tumbo limetangulia mbele, tai ni ya hariri. Alikuja kwenye kilio chako. Alikula sahani mbili, nilimhesabu kwa sababu jicho langu halikumtoka, halafu akanishika mkono akasema kwa huzuni kabisa, "Mama yako alikuwa na samaki wazuri sana." Ndilo pekee alilokumbuka juu yako. Nikamwambia asante. Nilinawa ule mkono mara tatu.

Vitu vingi vimebadilika, Mama. Ziwa limepanda, limekula mahali uchanja wako ulipokuwa, na maji yamefika kwenye mlango wa ile nyumba ya zamani. Mimi na Papa tumehamia juu. Lakini jibu la kile kitabu maji hayajalifikia. Kabla ya mtihani Prefe alituita sisi walimu wa Kifaransa biro, ofisini kwake, akatugawia majibu aliyoyaandika mwenyewe. "Jibu ni moja," akasema. "Mengine yote, zero. Karatasi nitazipitia mi mwenyewe."

Kwa hiyo leo nimesahihisha. Unajua kilichonitia kichefuchefu kuliko yeye? Watoto. Wamelikariri neno lile bila kukosea hata nukta. Hawa ni watoto ambao ziwa likifungwa kwa wavuvi wanakula majani matupu ya sombe bila hata harufu ya samaki, na mmoja baada ya mwingine ameniandikia kwamba kumrudisha samaki ni dalili ya utu uzima. Hakuna aliyetema mate pembeni. Nikawapa alama zao, karatasi baada ya karatasi, na kila alama niliona kama mimi ndiye nimebeba sangala kwenye usukani.

Imebaki karatasi ya Riziki. Humjui, alikuja baada yako. Ni msichana wa upande wa Kiambi, vita viliwatoa kwao, sasa anakaa kambini Katanika na mama yake mdogo chini ya turubai. Mama mzazi hakufika huku kwetu Kalemie. Alibaki njiani, na Riziki hasemi zaidi ya hapo. Anatembea kutoka kule kila asubuhi, anakaa nyuma, hanyooshi kidole. Alama zake za Kifaransa ziko ukingoni: akipata zero kwa swali hili anarudia darasa, na mama yake mdogo amekwisha kuniambia kwamba kurudia hakutakuwepo, atamweka sokoni auze mkaa.

Nilifungua karatasi yake nikiomba. Nisikudanganye, nilikuwa naomba awe ameandika jibu letu. Mtoto aliyelala njaa porini, nani mwingine atamwona yule Mushibaji alivyo? Nilikuwa tayari kupigana kwa ajili yake, na kwa kweli kwa ajili yangu.

Hakuandika jibu la Prefe. Hakuandika la kwetu pia. Kwa Kifaransa kilichopinda kidogo ameandika mistari miwili tu: "Alimrudisha kwa sababu nyanya yake alikuwa amekufa. Angempelekea nani?"

Mama.

Tulimtukana yule mtoto miaka yote ile. Tulifanya jina lake kuwa tusi la mezani. Mimi niliyesoma kitabu, wewe uliyepika kwa kila kilio cha mtaa, na yule wa tai mwenye jibu lake moja, hakuna kati yetu aliyemkumbuka nyanya na sufuria yake. Niliwahi kukisoma na kukifundisha, na ule ukurasa wa maziko nilikuwa nauruka kwa haraka ili nifike kwa samaki, nipate kukasirika.

Na mimi ndiye nilipaswa kujua. Papa hajakuambia, basi nakuambia. Wiki moja baada ya kuondoa matanga yako nilipita ufukoni, na miguu ikanipeleka kwa wanawake wenzako. Nikachagua mikebuka mmoja mnene. Nikamtazama macho kama ulivyonifundisha, nikafunua matamvua, nikabishana bei mpaka wakacheka kwamba ni wewe mtupu. Nikaja naye nyumbani, nikasukuma mlango kwa bega, nikasema kwa sauti, "Mama, njoo uone leo!"

Papa aliinua kichwa, akanitazama.  Nikamweka samaki kwenye beseni lako, nikaenda kulala mchana kweupe. Sikumpara, sikumtia chumvi, sikumpa jirani. Kesho yake nyumba ilinuka, mainzi yakajaa, na Papa akambeba akaenda kumtupa. Tangu siku ile samaki wa mikebuka hawapiti kooni mwangu. Nilikuwa nawaambia watu kwamba nimechoka na harufu ya ziwa.

Afadhali yule mtoto wa Amerika. Yeye alimrudisha angali hai.

Basi tumvue jina lile, Mama. Hakuwa ameshiba. Kama huko kuna namna ya kuwaomba radhi watu wa vitabuni, mwombe radhi kwa niaba ya nyumba yetu, umwambie wewe ni mama wa yule wa Kalemie aliyeleta samaki akakosa wa kumpa, ataelewa.

Sasa hivi, huku nikikuandikia, nimechukua ile kalamu. Nimempa Riziki alama zote za swali lile. Nimeandika kubwa, nimepiga mstari chini, ili mtu anayepitia karatasi asiseme hakuona.

Ataona, najua. Na mkataba wangu uko mikononi mwake kama zero yangu ilivyokuwa. Bado ananichafua roho, usidhani huruma imenishika kwake. Hata sasa nikifumba macho naona ule mkia unapiga suruali. Ila kinyaa changu kimepata kazi ya kufanya, na hilo linanitosha kwa leo. Papa anakusalimu. Amelala kwenye kiti na redio inasema peke yake. Kitenge cha kijani kiko kwangu, bado kina harufu yako na ya ndakala, na sikifui.

Pumzika, mama yangu. Kesho Prefe akiniita biro kwake nitaenda, magoti yangu yamenyooka, na nitamweleza habari ya nyanya na sufuria yake. Akielewa, vizuri. Asipoelewa, shauri yake. Lakini samaki simpelekei.

Ni mimi, binti yako wa zero.