Safari ya Kompyuta ya Baba

Kaka yangu,

Sisi hatujambo. Goti la mama linapata nafuu, na paa tumeliziba.

Uliandika kwamba kompyuta ya marehemu baba, uliyoiomba ukaitengeneze kisha uturudishie, ilikuponyoka ngazini ikavunjika. Nililia. Kisha nikawashukuru wale wapenzi wa mashine za zamani waliotusaidia kuifikisha kwako. Mmoja wao, muuguzi, aliipakata siku nzima ndani ya basi. Mwingine, fundi saa, akaipokea, akaifunga kwa mablanketi mawili, akaendesha gari polepole hadi mlangoni pako. Watu baki hao, kaka, na hawakutaka hata nauli.

Jana yule fundi saa alinipigia simu. "Dada, nimetoka kwenye maonyesho ya mashine za zamani. Mashine yenu inawaka! Ila kaka yako anawaambia watu aliiokota jalalani. Kwani hamjui?"

Nikaona haya, nikasema tunajua. Nimekusitiri kwa uongo, mimi niliyekuamini kuliko macho yangu.

Mama sijamwambia. Kila asubuhi anakuombea usiendelee kujilaumu kwa kuivunja. Njoo umwambie mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako.